Ndege Nyuki Ikishatua Ndipo Somo Lianzapo



Hakuna mwanafunzi anayetulia darasani ndege nyuki inapolia uwanjani. Mlio husikika kabla chombo chenyewe hakijaonekana, na mara madirisha yote ya shule hujaa vichwa. Wageni waliokuja nayo huirusha, huizungusha juu ya mapaa, huwapiga picha watoto wakipunga mikono, huwaonyesha picha hizo katika kioo kidogo, kisha huifungasha begini na kuondoka. Jioni ile watoto husimulia nyumbani kwamba wameona ndege isiyo na rubani. Nao wanasema kweli, wameiona. Lakini wamejifunza nini?

Swali hilo lapasa kuulizwa mapema. Mitaala iliyoboreshwa ilianza kutumika Januari 2024, mkondo wa amali umepewa nafasi yake, na kila mkutano wa elimu husikika wito wa sayansi na teknolojia. Katika hali kama hiyo ni rahisi mno kwa mkuu wa shule, au kwa ofisa aliye mezani na fungu la fedha mbele yake, kudhani kwamba kununua chombo ni sawa na kufundisha. La hasha! Chombo hununuliwa kwa siku moja. Somo hutaka kutengenezwa, na sehemu kubwa ya somo la ndege nyuki haihitaji ndege nyuki kuwapo.

Taifa hili liliwahi kukabiliwa na jambo la namna hiyo, nalo likalitatua vizuri. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi kwa majuma 12 kusikiliza matangazo ya redio. Walioandaa kampeni ile hawakuridhika na watu kukaa na kusikiliza tu. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepewa mafunzo, na vijitabu vya kusoma. Matangazo yakiisha, mjadala ulianza; mjadala ukiisha, watu walishika majembe wakachimba vyoo na kufyeka vichaka kandokando ya nyumba zao. Redio yenyewe haikuchimba choo hata kimoja. Kazi yenye manufaa ilifanyika baada ya redio kuzimwa, nayo ilifanyika kwa sababu ilikuwa imepangwa kabla redio haijawashwa.

Yafaa kuitazama ndege nyuki kwa jicho hilo hilo.

Kwamba vijana wa nchi hii wanaimudu kazi yenyewe si jambo la kubishaniwa tena. Kuanzia mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kwa msaada wa Benki ya Dunia, walianza kuvipiga picha visiwa vya Unguja na Pemba kwa ndege ndogo za mabawa zilizoundwa kwa povu gumu, zinazorushwa kwa mkono. Zaidi ya kilomita za mraba 2,300 zilipigwa picha, na miongoni mwa waliozirusha walikuwamo wanafunzi wa chuo hicho. Jijini Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015, uliwaweka pamoja wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Chuo Kikuu Ardhi na wakazi wa mitaa, ili kuchora ramani za kata zinazokumbwa na mafuriko. Anayeikumbuka Desemba 2011, maji yalipoua watu zaidi ya 40 jijini humo, haulizi ramani hizo zina faida gani.

Katika kazi ya Dar es Salaam kulikuwa na fundisho ambalo kila mwalimu angelishika. Picha kutoka angani ilionyesha mapaa, mifereji na njia. Haikuonyesha maji ya mafuriko yalifika wapi ukutani mwa nyumba, kwenye goti au kifuani. Hilo lilijulikana kwa kubisha hodi na kumwuliza mwenye nyumba. Haikuonyesha pia kwamba uchochoro fulani una jina, na kwamba paa lile refu ni zahanati, si ghala. Kijana aliyeshika ramani ilimbidi atembee kwa miguu, asalimie, akaribishwe, aulize, aandike. Naam, hapo ndipo elimu ilipokuwa.

Basi na ielezwe kwa mifano ni kazi gani za darasani zinazoweza kuizunguka ndege nyuki, kabla yake na baada yake.

Ichukuliwe kwanza hesabu. Kamera moja iliyozoeleka katika ndege za namna hii ina kihisi chenye upana wa milimita 13.2 na kimo cha milimita 8.8, na umbali kutoka lenzi hadi kihisi nao ni kama milimita 8.8. Ndege ikiwa mita 100 juu ya ardhi, picha moja inafunika eneo gani? Mwanafunzi wa kidato cha pili aliyefundishwa pembetatu zinazofanana anao ufunguo mkononi. Pembetatu ndogo imo ndani ya kamera, pembetatu kubwa imo kati ya lenzi na ardhi, na uwiano wake ni mmoja. Upana ardhini utakuwa mita 150, na kimo mita 100. Yaani picha moja hufunika mita za mraba 15,000, ambazo ni hekta moja na nusu, au viwanja viwili vya mpira na kipande. Ikiwa upana wa kihisi umegawanywa katika nukta 5,472, basi nukta moja ya picha husimama mahali pa sentimita 2.7 za ardhi. Kifuniko cha soda kitaonekana kama nukta moja, wala hakitatambulikana. Ng'ombe ataonekana ni ng'ombe. Lakini ng'ombe wa nani?

Hesabu hii aghalabu hufundishwa ubaoni kwa herufi A, B na C, na mwanafunzi huiweka kichwani hadi siku ya mtihani, kisha huitua. Hapa imepata mwili.

Mwalimu asiye na ndege nyuki asikate tamaa, maana simu yake ya mkononi yatosha. Aishike juu ya sakafu kwa kimo cha mita moja, mwanafunzi aweke chaki palipo ukingo wa picha kila upande, wengine wapime kwa futikamba. Kisha aipandishe hadi mita mbili. Upana utakuwa umeongezeka mara mbili, lakini eneo litakuwa limeongezeka mara nne, na hapo darasani patatokea ubishi. Mwalimu asiuzime ubishi huo haraka. Wapime tena wenyewe mpaka waliokataa wakubali.

Baada ya hapo lije shamba. Ili picha ziunganishwe kuwa ramani moja, hapana budi zilaliane kama vigae vya paa. Mathalani, kila picha ilaliwe na inayofuata kwa asilimia 80 katika mwendo wa mbele, na kwa asilimia 70 kati ya mstari na mstari. Kwa kamera ile ile na kimo kile kile, ndege itapiga picha kila baada ya mita 20, na mistari itaachana kwa mita 45. Shamba la mita 600 kwa mita 500, yaani hekta 30, litataka mistari 12, na kila mstari picha 31. Jumla ni picha 372. Kwa mwendo wa mita tano kwa sekunde, mistari hiyo peke yake yataka dakika 24, bila kuhesabu kona. Betri ya ndege ya aina hii huenda ikachukua dakika 25 hivi hewa ikiwa shwari, nayo haipaswi kuisha chombo kikiwa angani. Kwa hiyo betri moja haitoshi. Mwanafunzi aliyelifikia jibu hilo kwa kalamu yake amekwisha kuwa mpangaji wa kazi. Naye anaweza kuufanya upangaji huo sakafuni, kwa vipande vya karatasi za madaftari ya mwaka jana vilivyolazwa kimoja juu ya kingine.

Katika jiografia na kilimo, kazi iliyo njema kupita zote ni ile ya kuikosoa picha. Ipatikane picha moja iliyochapishwa ya eneo la shule, au ya shamba la minazi au mikorosho la jirani aliyeridhia. Kundi moja lihesabu miti katika picha, kundi la pili liende shambani likahesabu kwa miguu. Majibu hayatalingana. Ikiwa walio darasani wamepata minazi 214 na walio shambani wamepata 231, kuna tofauti ya 17, ambayo ni kosa la asilimia saba na kitu. Imetoka wapi? Minazi michanga imefunikwa na mwembe. Miwili iliyosimama pamoja imehesabiwa mmoja. Kivuli cha asubuhi kimedhaniwa kuwa mti. Na huenda walio shambani nao wamehesabu mstari mmoja mara mbili! Ni vyema walijue na hilo, kwamba macho ya mtu nayo yana makosa yake.

Biolojia inafuata njia hiyo hiyo. Mwaka 2019 huko Unguja ndege nyuki zilijaribiwa kumwagia majaruba ya mpunga dawa inayotandaza utando mwembamba juu ya maji ili viluwiluwi vya mbu wa malaria wasipate hewa. Mwalimu akieleza habari hiyo, awaulize wanafunzi wake waoneshe katika picha maji yaliyotuama karibu na kijiji. Watayaona madimbwi, shimo la matofali, na lambo. Kisha, wakiwa na bwana afya, waende na upawa na bakuli jeupe. Kiluwiluwi wa mbu aenezaye malaria hulala sambamba na uso wa maji. Yule wa mbu wa kawaida wa vyooni na mitaroni huning'inia kichwa chini. Tofauti hiyo kamera iliyo mita 100 juu haiioni kamwe. Mtoto aliyechuchumaa kandokando ya dimbwi huiona.

Kuhusu lugha, neno moja tu, ingawa linachekesha. Waingereza wamekipa chombo hiki jina la nyuki dume, na asili inayotajwa ni ndege ya kulengea shabaha ya mwaka 1935, iliyoongozwa kwa redio na kuitwa Queen Bee, yaani malkia wa nyuki. Nyuki dume hana mwiba, hakusanyi asali, wala hana kazi mzingani siku nyingi za maisha yake. Kiswahili kimechagua nyuki tu, na kwa mlio ule hakuna atakayepinga. Tembo nao wameafiki: katika mipaka ya hifadhi za Tarangire na Serengeti ndege hizi zimetumika kuwafukuza mashambani, na tembo hukimbia, pengine kwa kuwa wamesikia kile ambacho wanyama wenye hekima hukiogopa. Hata hivyo, ndege nyuki iliyofungiwa kabatini mwa mkuu wa shule, kwa kuwa betri yake imevimba kwa joto au kwa kuwa aliyejua kuirusha amehamishwa, hiyo ni nyuki dume kwa maana kamili ya neno.

Liko somo jingine ambalo walimu wengi hulipita haraka, ilhali ndilo zito kuliko yote, nalo ni uraia. Ndege nyuki hairushwi kama kishada. Mamlaka ya Usafiri wa Anga hukisajili chombo na kutoa kibali, na vyombo vya ulinzi navyo vina neno lao. Wako wanaonung'unika kwamba huo ni urasimu. Mwalimu wa historia asiwafiche wanafunzi sababu yake. Chombo hiki kilikulia jeshini, na hadi leo kinaua. Katika vita vya Sudan vilivyoanza Aprili 2023, ndege zisizo na rubani zimewaangukia raia wasio na silaha. Kibali, basi, si usumbufu uliobuniwa na makarani. Kazi ya darasani iwe kuiandika barua ya maombi yenyewe: nani anarusha, wapi, siku gani, saa ngapi, kwa kimo gani, kwa manufaa ya nani, na nani atawajibika chombo kikianguka juu ya paa la mtu. Watumishi wa umma wanaopokea barua kila siku wanajua ni ngapi huja zikiwa na maswali hayo yote yamejibiwa. Na ofisa apokeaye barua ya namna hiyo kutoka shule ya kata asiilalie.

Barua ya pili ni ya mwenyekiti wa kijiji, na ya tatu si barua, ni kwenda nyumba kwa nyumba pamoja na mjumbe wa shina kuwaarifu watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, lakini hata kabla ya sheria ipo heshima. Katika nyumba nyingi za pwani bafu ni uzio wa makuti usio na paa. Mama aliyemo humo hajui kama mlio ule ni wa somo la jiografia. Wanafunzi waulizwe: saa gani isirushwe? Ua wa nani usipitiwe? Picha ikitokea kumwonyesha mtu, ifanywe nini? Maswali haya hayana jibu katika kitabu cha kiada, wala mwalimu asijifanye analo. Wazee wa kijiji wanaweza kuwa nalo.

Tena kuna ardhi. Hapa yapasa kusema waziwazi. Picha safi ya kijiji kizima, yenye kila mti na kila kijia, ni kitu chenye nguvu. Penye ugomvi wa mpaka kati ya vijiji viwili, au kati ya wakulima na wafugaji, mwanafunzi anayebandika ukutani picha yenye mstari mwekundu alioukisia anaweza kuwasha moto asioujua. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji. Picha si hati. Wanafunzi wafundishwe kuandika katika kila picha tarehe, kimo, na jina la shule, na wasichore mpaka wowote ambao kijiji chenyewe hakijauthibitisha. Mwanafunzi akiuliza kwa nini, na atauliza, mwalimu amekwisha kupata kipindi cha pili.

Lazima pia iulizwe picha huenda wapi. Mara nyingi chombo kimekuja na wageni, picha zikaondoka na wageni, na kijiji kilichopigwa kikabaki bila hata nakala moja. Mazao ya shamba la kijiji yakichukuliwa namna hiyo kungekuwa na kelele. Picha nazo ni mazao. Shule inayokubali kutembelewa iweke sharti mapema, kabla ya chai na hotuba, kwamba nakala iliyochapishwa itabaki ofisini mwa kijiji na nyingine shuleni, na kwamba majina ya mahali yatakayoandikwa ni yale yanayotamkwa na wenyeji.

Na fedha je? Ndege nyuki yenye kamera nzuri hugharimu mamilioni ya shilingi, na bado kuna betri za akiba, panga za kubadilisha, na fundi. Shule yenye wanafunzi 90 katika chumba kimoja, wengine sakafuni, isiambiwe inunue. Dai hilo ni kejeli. Jambo linalowezekana ni wilaya kuwa na chombo kimoja au viwili, chini ya ofisa wa ardhi au wa kilimo ambaye tayari anakihitaji kwa kazi yake, na ratiba inayokifikisha kila shule siku moja kwa mwaka. Siku moja yatosha ikiwa imetanguliwa na majuma mawili ya hesabu na barua, na kufuatwa na mwezi wa kutembea na picha mkononi. Bila matayarisho hayo hata siku 100 hazitoshi.

Siku hiyo moja ikifika, mwalimu aangalie mikono. Asipoangalia, kidhibiti kitashikwa na wavulana wawili wale wale wajuao kila kitu, na wasichana watapewa kazi ya kubeba begi. Zamu zigawanywe mapema kwa orodha: wa kuangalia anga na mwewe, wa kusoma upepo, wa kuandika saa na kimo, wa kuwazuia wadogo wasisogee, wa kushika kidhibiti akiwa kando ya rubani mwenye kibali. Zamu zibadilike kila mruko. Aliyeandika saa ajue kwamba bila maandishi yake picha 372 ni lundo tu.

Kisha chombo kitaondoka kwenda shule nyingine, na picha itachapishwa. Ibandikwe juu ya ubao mgumu, si ofisini kwa mwalimu mkuu bali mahali ambapo mtu mzima wa kijijini anaweza kuingia bila woga. Kando yake pawekwe penseli iliyofungwa kwa uzi. Bibi atakuja aseme kisima kile kimeandikwa jina lisilo lake. Mvuvi atasema kichanga hiki kilikuwa mbali zaidi na nyumba alipokuwa kijana. Wanafunzi wa zamu wayaandike hayo, pamoja na jina la msemaji akiridhia, na tarehe. Mwaka ufuatao, mwezi ule ule na kwa kimo kile kile, ndege ipite tena. Na kidato kitakachofuata kitakuwa na picha mbili za kulinganisha, na orodha ndefu ya maswali yaliyoachwa na ndugu zao.